MAKANO YA MIGUU: MDHARAU MWIBA MGUU HUOTA TENDE



Mkulima wa karafuu huhesabu mikarafuu yake, magunia yake, majamvi yake na wachumaji wake, lakini ni mara chache ahesabupo miguu. Na hali miguu ndiyo ngazi ya kwanza ya kila mkarafuu. Mchumaji mwenye mikono mizuri na mguu mbovu hapandi. Na akipanda, huenda akateremka kwa njia asiyoitaka. Kila msimu ofisini kwetu hupita wanachama wanaochechemea, na ukiwauliza husema neno moja tu, "mshipa wa kisigino", kisha huendelea na safari yao. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuandika habari hii kwa kirefu kidogo, ili kila mmoja ajue lililoko nyuma ya neno hilo.

Tutakayoeleza ni mengi, lakini shina lake ni moja. Kano linalouma pole pole, siku baada ya siku, hutibiwa kwa kazi ya kiasi, wala si kwa kulala kitandani, wala si kwa kuchuliwa. Kano lililokatika ghafla hutibiwa hospitali, na siku ile ile. Mwenye kujua kutofautisha mambo haya mawili ameokoa mguu, na pengine ameokoa msimu mzima.

KANO NI NINI

Watu wengi kwetu huita kila kitu kilicho kama kamba ndani ya mwili "mshipa". Lakini mshipa wa damu ni kitu kimoja, na kano ni kitu kingine. Kano ni kamba nyeupe, ngumu, inayounganisha nyama na mfupa. Nyama ikijikaza, kano huvuta, na mfupa hufuata. Mwenye kuchinja ng'ombe ayajua sana, maana ndiyo yanayomsumbua mpishi kwa kuwa hayaivi upesi. Ziko pia kamba nyingine zinazofunga mfupa kwa mfupa penye kiungo. Hizo ndizo ziumiazo mtu anapoteguka, na si habari yetu ya leo ila kwa kupita.

Kubwa kuliko yote mwilini ni kano la nyuma ya kisigino. Linatoka kwenye shavu la mguu na kushika mfupa wa kisigino, nawe waweza kulishika kwa vidole viwili. Wazungu huliita kano la Achilles, jina la shujaa wa hadithi za kale za Wayunani ambaye silaha haikumdhuru mahali popote ila hapo. Kano hili hubeba mizigo mikubwa mno: mtu akikimbia, hulivuta kwa nguvu iliyo mara kadhaa ya uzito wa mwili wake wote. Lakini lina udhaifu mmoja. Sehemu iliyo vidole viwili au vitatu juu ya kisigino hupata damu kidogo, na penye damu kidogo kupona huchelewa. Hapo ndipo linapougua mara nyingi, na hapo ndipo linapokatika.

Zamani madaktari walidhani kuwa kano linalouma limeingia moto na uvimbe kama jipu. Siku hizi wamechunguza na kuona kuwa, katika maumivu ya muda mrefu, jambo kubwa si moto bali ni uchakavu. Nyuzi za kano, zilizokuwa zimelala sawasawa kama nyuzi za ukili ulioshonwa vizuri, huvurugika na kulegea kwa sababu zilitumiwa kupita nguvu zake na hazikupata nafasi ya kujitengeneza. Mwenye kukumbuka jambo hili ataelewa kwa nini dawa ya kupunguza maumivu peke yake haiponyi: hunyamazisha kengele, lakini moto uko pale pale.

KWA NINI HUJA WAKATI WA MAVUNO

Kano hupenda kazi, lakini halipendi kushtukizwa. Mavuno ya karafuu hayalingani mwaka kwa mwaka. Huweza kupita mwaka wa karafuu chache, mchumaji akawa anakwenda zake pole pole, kisha ukaja mwaka wa neema, mti umejaa toka shina hata kilele, na kila mtu anataka kuchuma kabla karafuu hazijafunguka maua. Mtu aliyekuwa hapandi kabisa huanza kupanda tangu alfajiri hata magharibi. Juu ya mti husimama kwa sehemu ya mbele ya wayo, kisigino kikining'inia hewani, kidole gumba kimeng'ang'ania tawi. Saa sita, saa saba, siku baada ya siku. Nyama huzoea upesi, katika majuma machache. Kano huzoea kwa miezi. Katikati ya hayo mawili ndipo ugonjwa unapoingia.

Asidhani mtu kuwa taabu hii ni ya wapanda miti peke yao. Katika safari ya kujifunza mambo ya ushirika kwa wakulima wenzetu wa bara tulifika Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu katika Mkoa wa Shinyanga. Huko huoni mkarafuu hata mmoja. Ni nchi ya pamba, dengu na mtama, na ng'ombe wengi, na udongo mweusi wa mbuga ambao mvua ikinyesha hunata nyayoni mpaka mtu aona kama amevaa viatu vya chuma. Katika wilaya hiyo hiyo uko Mwadui, palipogunduliwa almasi mwaka 1940, na upande wa magharibi, mbele zaidi, ni Geita penye dhahabu, ambako vijana wengi hukimbilia kutafuta riziki. Tulipowauliza wenyeji wetu ni maradhi gani yanayowapunguzia watu siku za kazi, tulitazamia kusikia homa na tumbo. Hayo waliyataja, lakini hawakukawia kutaja visigino na vifundo vya miguu.

Tulipotafakari tuliona sababu. Mkulima wa pamba hukaa miezi bila kazi nzito, kisha mvua ikianza hulima na kupalilia mfululizo, akiinua kila hatua pamoja na tope lake. Mchimbaji wa dhahabu, ambaye huko humwita mwanaapolo, hushuka ndani ya duara na kupanda kwa kamba, akikanyaga vijishimo na vipande vya miti kwa ncha ya wayo. Mchimbaji anashuka chini ya ardhi na mchumaji anapanda juu ya mti, lakini kano ni lile lile na kosa ni lile lile: kazi nyingi, ghafla, baada ya kupumzika.

Yako na mambo mengine yanayodhoofisha kano. Umri wa miaka 40 na kuendelea, unene, ugonjwa wa kisukari, jongo, na kubadili viatu ghafla, kwa mfano mtu aliyezoea viatu vyenye kisigino kuanza kutembea mwendo mrefu kwa makubadhi au katambuga.

DALILI ZAKE, MAHALI KWA MAHALI

Nyuma ya kisigino. Mtu akiamka kwenda kutawadha alfajiri, hatua za mwanzo huwa ngumu, huchechemea kama mzee. Akisha kutembea kidogo hulainika, naye husema, "Ah, si kitu." Mchana hupanda mti, usiku maumivu hurudi. Ukiminya kano kwa vidole viwili huuma, na likilinganishwa na la mguu wa pili huonekana nene, pengine lina kifundo. Huko kulainika ndiko kunakodanganya watu wengi. Ugumu wa asubuhi ni barua ya kano kwa mwenyewe, naye yampasa aisome.

Upande wa ndani. Nyuma ya mfupa uliotokeza upande wa ndani wa kifundo hupita kano linaloshikilia upinde wa wayo. Likilegea, wayo hulala na kuwa bapa. Hili huwapata zaidi kina mama waliopita miaka 40, hasa walio wanene au wenye kisukari. Mtazame mgonjwa kwa nyuma akiwa amesimama: upande wa mguu mgonjwa utaona vidole vingi vimechungulia nje kuliko upande wa pili. Mwambie achuchumie, yaani asimame kwa ncha za vidole, kwa mguu huo mmoja. Hawezi, au aweza kwa taabu. Ugonjwa huu usichelewe kuonyeshwa kwa daktari, kwa sababu wayo ukisha kulala na kukaza hauinuki tena kwa mazoezi.

Upande wa nje. Nyuma ya mfupa wa nje hupita makano mawili. Huumia kwa mtu anayeteguka mara kwa mara, na mwenyewe huona kifundo hakina imani, chaweza kumwangusha mahali pa tambarare. Pengine husikia kitu kinaruka nyuma ya mfupa kila akizungusha mguu.

Mbele ya kifundo. Hapa lipo kano linaloinua wayo. Huuma kwa mwenye kuteremka milima au kutembea kwenye tope, na kwa mwenye kufunga kamba za viatu kwa nguvu mno.

Kidole gumba. Kano lake hupita nyuma ya kifundo upande wa ndani hata chini ya wayo. Madaktari wanalijua sana kwa wacheza ngoma wa Ulaya wanaocheza kwa ncha za vidole. Sisi twasema mchumaji wa karafuu naye ni mcheza ngoma, tofauti ni kuwa yeye huchezea tawini. Maumivu yake huonekana mtu anaposukuma ardhi kwa kidole hicho, au anapokaa tahiyatu vidole vimekunjwa.

Tuongeze jambo moja ili watu wasichanganye. Maumivu yaliyo chini ya kisigino, kwenye wayo wenyewe, yanayochoma kama msumari katika hatua ya kwanza ya asubuhi, mara nyingi si ya kano bali ni ya utando mgumu ulio chini ya wayo. Nayo hupona kwa subira na kwa kunyoosha wayo na shavu la mguu.

MATIBABU YA KANO LINALOUMA POLE POLE

Kwanza, punguza kazi lakini usiiache kabisa. Ikiwa ulikuwa unapanda miti kumi, panda miwili, au baki chini uchambue. Kano lililolazwa kitandani mwezi mzima hutoka dhaifu kuliko lilivyoingia, na siku ya kurudi kazini huumia upya. Katika siku chache za mwanzo, ikiwa pamevimba, weka maji baridi sana au barafu iliyofungwa katika kitambaa kwa muda wa dakika 10 au 15, kisha uinue mguu juu ya mto.

Pili, inua kisigino kidogo. Mpelekee fundi viatu akupachikie kipande cha mpira wa tairi, unene wa kadiri ya sentimita moja, chini ya kisigino cha ndani ya kiatu au kubadhi, na kiwe katika miguu yote miwili ili usiende upande. Hili hupunguza mvuto wa kano la nyuma wakati linapopona. Kwa aliyelala wayo, kinachotakiwa ni kitu cha kushikilia upinde upande wa ndani.

Tatu, na hii ndiyo dawa yenyewe, ni mazoezi. Mwaka 1998 daktari wa Uswidi, Håkan Alfredson, na wenzake waliandika habari za wakimbiaji 15 waliokuwa na maumivu ya kano la kisigino kwa muda mrefu, ambao tiba za kawaida zilikuwa zimeshindwa. Waliwapa zoezi moja la kushusha kisigino, kwa majuma 12, na wote 15 walirudi kukimbia. Husimuliwa kuwa daktari huyo mwenyewe alikuwa na maumivu hayo, akamwomba mkubwa wake ampasue, akakataliwa. Basi akaamua kulifanyia kano kazi nzito mpaka likatike ili apasuliwe kwa lazima. Halikukatika. Lilipona.

Zoezi lenyewe ni hili. Simama kwenye ukingo wa baraza au ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo, visigino viwe hewani, na mkono ushike ukuta. Inuka kwa miguu yote miwili mpaka uchuchumie. Sasa hamishia uzito kwenye mguu mgonjwa, uushushe kisigino chake pole pole mpaka kipite chini ya ukingo. Usiinuke kwa mguu huo. Inuka kwa ule mzima, kisha ushuke tena kwa mgonjwa. Fanya mara 15, pumzika, mara 15, pumzika, mara 15. Halafu fanya vivyo hivyo goti likiwa limekunjwa kidogo. Hayo yote asubuhi na jioni, kila siku, kwa majuma 12. Atakayefanya baada ya sala ya Alfajiri na baada ya sala ya Isha hatasahau. Likiwa jepesi, beba mkoba wa mchanga mgongoni, na uzidishe kidogo kidogo.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi si ubaya. Kipimo ni asubuhi ya pili: ikiwa ugumu umezidi kuliko jana, ulipita kiasi, basi punguza, ikiwa uko vile vile au umepungua, endelea. Na ambaye maumivu yake yako chini kabisa, pale kano linaposhika mfupa wa kisigino, asishushe kisigino chini ya ukingo. Afanye akiwa sakafuni pa tambarare.

Majuma 12 ni marefu, twajua. Lakini mkarafuu hupandwa leo ukasubiriwa miaka, na hakuna mkulima anayeung'oa mwezi wa pili kwa kuwa haujachanua.

MAFUTA, SINDANO NA VIDONGE

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo pengine si zuri kwa biashara yetu. Wengi wetu hujichua kwa mafuta ya karafuu. Mafuta haya yana kitu kiitwacho eujino, ambacho hufanya ganzi na ndiyo maana madaktari wa meno wamekitumia tangu zamani. Ukijipaka, ngozi hupata joto, maumivu hupungua, na usingizi huja. Hapo ni sawa. Lakini mafuta hayarudishi nyuzi za kano mahali pake, na yakipakwa matupu bila kuchanganywa na mafuta ya nazi au mengine huweza kuunguza ngozi. Hatari kubwa ni ya mtu anayejipaka asubuhi ili apande mti. Amelitia ganzi kano linalomwonya, kisha amekwenda kulitegemea juu ya tawi. Tunauza mafuta ya karafuu na tunayasifu, lakini mguu wa mwanachama ni ghali zaidi.

Kuchua kwa mikono taratibu kwenye shavu la mguu hakuna dhara kwa mtu mwenye maumivu ya kawaida. Lakini usichue mguu uliovimba ghafla, wala wenye jeraha, wala wenye joto na homa. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma bila sababu yaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa, na hiyo ni habari ya hospitali mara moja.

Sindano ya dawa za jamii ya kotizoni hupunguza maumivu upesi, lakini ikipigwa ndani ya kano la kisigino huweza kulidhoofisha hata likakatika. Mtu asikubali kuchomwa hapo na yeyote asiye daktari anayeijua kazi hiyo.

Na vidonge. Iko dawa ya kuua vijidudu iitwayo siprofloksasini, ambayo watu wengi hununua dukani kwa ajili ya tumbo au mkojo bila cheti cha daktari. Dawa hii na ndugu zake huweza kudhuru makano, hasa la kisigino, na hasa kwa waliopita miaka 60 au wanaotumia dawa za jamii ya kotizoni. Mwaka 2008 serikali ya Marekani iliamuru onyo hilo liandikwe wazi pamoja na dawa hizo. Si kwamba ni dawa mbaya. Huokoa maisha mahali pake. Lakini mwenye kuitumia akiona kisigino kimeanza kuuma, asipande mti, arudi kwa daktari siku hiyo hiyo.

KANO LIKIKATIKA

Huko Mhunze mkulima mmoja wa pamba, mtu mzima mwenye heshima zake, alitusimulia kuwa alikuwa akiruka mfereji akasikia mlio kama wa kijiti kikavu, na pigo nyuma ya mguu. Aligeuka kwa hasira kumtafuta mtoto aliyemrushia jiwe. Hapakuwa na mtoto wala jiwe. Kwa kuwa aliweza kukanyaga, alisema ameteguka, akachuliwa majuma matatu. Alipofika hospitali aliambiwa kano limekatika na ncha zake zimekwisha kuachana, na tiba ikawa ngumu na ndefu. Mpaka tulipoonana naye alikuwa hawezi kuchuchumia kwa mguu ule.

Madaktari wa nchi zote husikia maneno kama ya mzee huyu: mlio, pigo la nyuma, na jiwe lisiloonekana. Na kosa lake ni la wengi. Kano la kisigino likikatika, mtu huweza bado kutembea kwa kuchechemea na kushusha wayo, kwa sababu yako makano mengine madogo yanayosaidia. Kwa hiyo usiulize, "Waweza kutembea?" Fanya jaribio hili, ambalo lajulikana kwa madaktari tangu mwaka 1957. Mlaze mgonjwa kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda. Minya shavu la mguu mzima kwa kiganja: utaona wayo wake unajivuta wenyewe. Sasa minya la mguu mgonjwa. Wayo usipojivuta, kano limekatika. Pengine utagusa na shimo dogo juu ya kisigino. Jaribio hili halitaki chombo wala fedha, na kila msimamizi wa shamba aweza kulijua.

Ikiwa ni hivyo, usichue, usimkanyagishe. Funga mguu kwa ubao au kigongo, wayo ukiwa umeelekezwa chini kama wa mtu anayechuchumia, ili ncha za kano zikaribiane. Kisha mpeleke hospitali siku ile ile: kwetu Pemba ni Wete, Chake Chake au Mkoani. Daktari huweza kumfunga plasta wayo ukiwa chini, au kumpasua na kushona. Mwaka 2022 madaktari wa Norwei walitoa habari za wagonjwa 526: baada ya mwaka mmoja, waliopasuliwa na wasiopasuliwa walikuwa na miguu iliyo karibu sawa, ila wasiopasuliwa walikatika tena zaidi, kadiri ya 6 katika kila 100, na waliopasuliwa chini ya 1. Kwa hiyo asiogope mtu kuwa kwenda hospitali ni lazima kisu. Linaloharibu ni kuchelewa.

Wala asione haya. Mwaka 2000 Haile Gebrselassie wa Ethiopia alikwenda Sydney akiwa na kano la kisigino linalomuuma, akamshinda Paul Tergat wa Kenya katika mita 10,000 kwa sehemu 9 za mia za sekunde moja, kisha akaenda kupasuliwa. Mwezi Machi 2010 David Beckham, mcheza mpira wa Uingereza, alikatika kano uwanjani Milan. Kesho yake alipasuliwa nchini Finland, akakosa Kombe la Dunia la Afrika Kusini, na Septemba akarudi kucheza. Ikiwa mtu mwenye madaktari wote hao alingoja miezi sita, mchumaji wetu asitake kurudi mtini kwa majuma sita.

JERAHA LA PANGA

Wakati wa kusafisha chini ya mikarafuu panga huteleza na kukata juu ya wayo au nyuma ya kisigino. Jeraha laweza kuwa dogo na damu kidogo, lakini kano limekatika ndani. Mwambie mgonjwa ainue kila kidole na kuinua wayo; kisichoinuka kano lake lina mashaka. Osha kwa maji safi mengi, funika kwa kitambaa safi, minya damu isitoke, usitie majani wala unga wa kahawa, na umpeleke hospitali akashonwe ndani na nje na apate kinga ya pepopunda. Ngozi ikishonwa peke yake na kano likaachwa, mguu hupona na wayo hubaki ukiburura.

WAJIBU WA MWENYE SHAMBA

Mwisho, twasema na wanachama wenye kuajiri wachumaji. Mchumaji hulipwa kwa alichochuma. Asipopanda, hali. Kwa hiyo huficha kuchechemea kwake, hujipaka mafuta, hupanda. Hatuwezi kumlaumu, maana ana watoto. Lakini sisi twaweza kumwondolea sababu ya kuficha. Kazi ya shamba si kupanda tu: kuna kuchambua makonyo, kuanika, kugeuza, kulinda majamvi na mvua, kupima na kuandika. Mwenye mguu mgonjwa apewe hizo, kwa ujira wa kumtosha, mpaka kano lake likubali. Na mwanzoni mwa msimu tusiwapandishe watu siku nzima tangu siku ya kwanza. Juma la kwanza liwe nusu, la pili liongezwe.

Msimamizi anayesema "panda tu, utapoa" ameokoa pishi mbili leo, na kesho huenda akabeba mtu kwa machela. Haraka haraka haina baraka, na katika mkarafuu haraka ina urefu wa kuanguka.

Basi, ndugu, kesho alfajiri kila mmoja azitazame hatua zake za mwanzo kutoka kitandani. Zikiwa nyepesi, amshukuru Mungu. Zikiwa nzito, baraza i karibu na ukuta upo: aanze siku hiyo hiyo.

Wenu katika kazi,
Katibu, kwa niaba ya Halmashauri ya Chama